Kabla ya Rangi: Namna ya Kupima Ubora wa Bodi ya Basi Jipya la Shule

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika ununuzi wa mabasi methali hii haitoshi, kwa maana rangi ikishapakwa, kizuri na kibaya hung'aa sawasawa. Kamati ya shule iendapo kununua basi jipya, aghalabu hutazama viti, mapazia na rangi, mambo ambayo fundi huyamaliza katika siku chache za mwisho. Yale yatakayoamua kama wanafunzi watatoka salama siku ya ajali yamekwisha kufunikwa.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo ya kukagua katika bodi ya basi, pamoja na sababu zake. Hakuna jambo litakalotajwa ambalo haliwezi kueleweka kwa fizikia na kemia ya shule ya sekondari.

Kazi ya mafundi wawili

Mabasi mengi ya Afrika Mashariki huundwa kwa hatua mbili. Kwanza kiwanda cha magari hutengeneza chesisi, yaani mihimili mirefu ya chuma pamoja na injini, ekseli, springi na magurudumu. Kisha karakana nyingine hujenga bodi juu yake: kiunzi cha mabomba ya chuma ya mraba, mabati ya nje, sakafu, madirisha na viti. Jina maarufu lililobandikwa mbele ya basi mara nyingi ni la mtengenezaji wa chesisi. Halisemi lolote juu ya bodi. Mnunuzi anayeridhika na jina hilo amekagua nusu tu ya basi.

Kiunzi

Chukua rula yenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 3, uiegemeze miisho yake juu ya vitabu viwili. Ikilala bapa, itapinda kwa kidole kimoja. Ukiisimamisha kwa ukingo wake, itakataa. Rula ni ile ile, lakini ukinzani wake dhidi ya kupinda umeongezeka mara 100. Hii ndiyo sababu mafundi hutumia bomba badala ya nondo: chuma kidogo kikipelekwa mbali na katikati hufanya kazi kubwa.

Sasa chukua vijiti vinne, uviunge kuwa mraba kwa msumari mmoja kila pembe. Sukuma pembe ya juu. Mraba utalala. Ongeza kijiti cha tano kutoka pembe hadi pembe, nao utasimama imara, kwa sababu pembetatu haibadiliki umbo bila upande mmoja kurefuka, kufupika au kuvunjika. Ubavu wa basi ni safu ya miraba ya namna hiyo. Chini ya madirisha fundi anaweza kuweka vyuma vya mshazari, lakini kwenye madirisha yenyewe hawezi. Hapo uimara wote hutegemea pembe: je, zimeungwa kwa kuchomelewa tu, au zimetiwa pia vipande vya chuma vya pembetatu vya kuzikaza? Basi likipinduka, nguzo hizo za madirisha ndizo zibebazo uzito wote.

Wataalamu wa Ulaya wameliwekea jambo hili kipimo. Kanuni Namba 66 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya inaeleza jaribio ambamo basi huinamishwa hadi lianguke kwa ubavu kutoka jukwaa lenye kimo cha milimita 800. Baada ya kuanguka, hakuna sehemu ya kiunzi inayoruhusiwa kuingia katika nafasi iliyotengwa kwa miili ya abiria. Nchini Kenya, kiwango KS 372 kinahusu ujenzi wa bodi za magari ya abiria. Mnunuzi ana haki ya kumwuliza mwenye karakana ni kiwango gani alichokifuata, na kuomba jibu kwa maandishi.

Viungo, maji na kutu

Kiungo kizuri cha kuchomelea kina mstari ulio sawa, usio na vitundu wala nyufa, na kimezunguka bomba lote. Kiungo kibaya ni matone machache ya chuma yaliyokaa juu ya bomba bila kuyeyuka pamoja nalo. Tofauti hii huonekana kwa macho, lakini kabla ya puti na rangi tu.

Mabomba yaliyopakwa zinki yana hatari yake. Zinki huilinda chuma kwa kuliwa kwanza. Hata hivyo, zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Maana yake ni kwamba kila mahali palipochomelewa zinki imekwisha kutoweka, na kiungo kimebaki uchi. Fundi mwangalifu hukisafisha na kukipaka rangi yenye zinki. Fundi mwenye haraka hukifunika kwa bati.

Kutu huhitaji chuma, maji na oksijeni. Chumvi huiharakisha, kwa hiyo basi la Tanga, Mombasa au Mtwara huliwa upesi kuliko basi la Dodoma. Maji yakiingia ndani ya bomba na kukosa tundu la kutokea, kutu huanza upande usioonekana, na nguzo yaweza kubaki ganda jembamba huku rangi ya nje ingali nzuri. Tazama pia mahali ambapo alumini imefungwa juu ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi huwa kama betri ndogo, na moja huliwa. Lazima zitenganishwe kwa mpira au rangi nzito.

Uzito

Kila chesisi ina kibao kinachotaja uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Tuchukue mfano wa hesabu. Chesisi inaruhusiwa kilo 9,000. Yenyewe, pamoja na mafuta na dereva, ina kilo 3,000. Bodi na viti ni kilo 2,500. Zimebaki kilo 3,500. Wanafunzi 50 wa kilo 60 kila mmoja ni kilo 3,000, na mizigo yao ya kilo 10 kila mmoja ni kilo 500. Nafasi imekwisha kabisa. Karakana ikiongeza kilo 400 kwa mapambo na kichanja cha mizigo juu ya paa, basi litakuwa limezidisha uzito kila siku litakapojaa, na wa kwanza kuchoka watakuwa breki, matairi na springi. Peleka basi tupu kwenye mizani kabla ya kulipa fedha za mwisho.

Mahali uzito ulipo ni muhimu pia. Ikiwa nusu ya upana kati ya magurudumu ni mita 1 na kitovu cha uzito kiko mita 1.2 juu ya ardhi, basi litapinduka likiinamishwa takriban digrii 40, bila kuhesabu kulala kwa springi. Kitovu kikipanda hadi mita 1.5, pembe hiyo hushuka hadi digrii 34. Kila mzigo unaopandishwa juu ya paa hukipandisha kitovu hicho.

Viti

Basi lililo katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya mita 1, mwanafunzi wa kilo 50 atahitaji kani ya takriban niutoni 7,000 ili asimame pamoja nalo. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 700. Kiti kilichofungwa kwenye plaiwudi kwa skrubu za mbao hakiwezi kustahimili kani hiyo. Kiti kifungwe kwa bolti zinazoshika chuma cha kiunzi, na mkaguzi aziangalie kutoka chini ya sakafu.

Siku ya ukaguzi

Miaka kadhaa iliyopita wazazi wa shule moja waliniomba nifuatane nao kwenda kupokea basi lao. Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha kuandika hundi. Mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa fundi wa majahazi huko Pangani, alilizunguka basi mara mbili, akaniambia, "Mwanangu, sisi jahazi twalitazama likiwa mataruma. Likishatiwa mafuta, wanunua maneno ya fundi."

Tuliomba mpira wa maji, tukalimwagia paa kwa robo saa. Maji yaliingia juu ya viti vitatu vya nyuma. Tukapitisha sumaku ubavuni. Sehemu moja haikushika, kwa kuwa puti ilikuwa nene kuliko kidole. Bati lilipofunguliwa, nguzo mbili hazikuwa zimefika kwenye mhimili wa paa. Pengo lilikuwa limezibwa kwa kipande cha bati. Mwalimu Mkuu alikunja hundi na kuitia mfukoni. Basi lilirudi karakana kwa wiki sita, na wazazi wengine walilalamika kwamba tumewachelewesha.

Tangu siku hiyo hushauri mambo haya:

1. Mkataba uruhusu mnunuzi kutembelea karakana mara mbili: kiunzi kikiwa wazi, na kabla ya rangi.

2. Pima kwa uzi mishazari miwili ya mlango na ya kila dirisha. Isipolingana, kiunzi kimekwenda upande.

3. Mwagia maji, kisha kagua ndani kwa tochi, hasa pembe za paa na chini ya sakafu.

4. Pitisha sumaku juu ya mabati ya chuma, ukitafuta puti nene.

5. Fungua kila mlango wa dharura kwa mkono wa mwanafunzi mdogo, si wa fundi.

6. Pima uzito wa basi tupu, ukaulinganishe na kibao cha chesisi.

Walimu wa fizikia wanaweza kuyafanya majaribio ya rula na vijiti darasani kwa kipindi kimoja, kisha kuwapeleka wanafunzi uani wakalikague basi lao wenyewe kwa uzi na sumaku. Mnunuzi ambaye bado hajatoa fedha ana nafasi kubwa ya kusikilizwa. Akishalipa, atakayeulizwa ubora wa viungo vile ni barabara, na watakaokuwa ndani ni wanafunzi.