Nani Atainasa ‘Kisu Mbili’?

Zero Wing, mchezo wa video wa Kijapani, ulipofikishwa Ulaya mwaka 1992, vyombo vyake viliruka sawasawa, lakini Kiingereza chake kilikuwa kioja kinachochekwa hadi leo. Kompyuta haioni aibu ya sarufi. Programu isiyojua ngeli itatuandikia ‘kisu mbili’, wala haitakwama. Kosa hilo litanaswa na nani?

Na kijana wa Isiolo, ambako Waborana, Wasomali, Waturkana na Wameru hukutana sokoni kwa Kiswahili. Nitaambiwa kwamba sokoni humo husemwa ‘visu mbili’. Naam, lakini kijana huyo huyo hufundishwa shuleni ‘visu viwili’, na anajua lipi ni la wapi. Basi watengenezaji wa michezo wampelekee aijaribu kabla ya kuiuza, na wamlipe ujira, si soda.