Magari ya Doria Yanayoufaa Mji Wetu

Mji wa Zanzibar umekua upesi kuliko walivyotazamia wale waliochora mitaa yake. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 593,678. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 893,169. Nyongeza ya watu takriban laki tatu kwa miaka kumi, katika eneo la kilomita za mraba 230 tu, ni jambo linaloigusa kila idara inayowatumikia wananchi: maji, skuli, hospitali na usafi. Leo tunapenda kuizungumzia idara moja ambayo mahitaji yake hujadiliwa kwa nadra hadharani, nayo ni Jeshi la Polisi. Hatukusudii kuzungumzia idadi ya askari wala mishahara yao. Tunakusudia jambo linaloonekana dogo, yaani gari. Askari wa doria wa mji huu apewe gari la aina gani?

Suala hili si la mafundi peke yao. Mama anayepiga simu saa nane za usiku kutoka Kwamtipura, mlango wake ukigongwa na watu asiowajua, hana haja ya kujua injini ya gari la polisi ina nguvu kiasi gani. Haja yake ni moja tu, nayo ni kwamba gari lifike. Na gari haliwezi kufika ikiwa limelala gereji likingojea kipuri, au limekwama mdomoni mwa kichochoro, au limemaliza mafuta ya wiki kwa siku tatu.

Ni vyema kwanza tukumbushane jinsi mambo yalivyo. Jeshi la Polisi ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na fedha zake hupitishwa na Bunge mjini Dodoma chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hilo ni sawa, wala hatuna neno nalo. Lakini lina matokeo ambayo wakuu wetu hapa Visiwani hawana budi kuyazingatia. Bara kuna masafa marefu, milima, matope na pori. Gari linalochaguliwa kwa ajili ya Kigoma au Manyara huchaguliwa kwa haki kabisa liwe kubwa, la juu, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne na lenye tangi la mafuta la safari ya siku nzima. Mji wetu hauna safari ya siku nzima. Basi mahitaji ya mji huu yaandikwe hapa hapa, na watu wanaouzunguka usiku, nayo yapelekwe kunakohusika kabla zabuni haijatangazwa.

Kwa desturi yetu, kila gari la polisi lililo wazi nyuma huitwa difenda. Jina hilo limetokana na Land Rover, gari la Kiingereza lililoanza kuuzwa mwaka 1948 na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndiyo sura ya Serikali katika kila wilaya. Lakini difenda tuliyoizowea haitengenezwi tena. Ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, mwezi wa Januari 2016. Gari linalouzwa leo kwa jina la Defender ni jengine kabisa. Halina chasisi iliyo mbali na bodi, na sehemu zake nyingi zinaongozwa na kompyuta. Fundi aliyekuwa akiifungua ile ya zamani kwa spana na nyundo, hii mpya humlazimu kwanza atafute mashine ya kuisomea. Atakayeagiza difenda kwa kuliamini jina ataletewa kitu kingine, kwa bei nyingine.

Nafasi yake imeshikwa na Toyota Land Cruiser ya safu ya 70, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Ile yenye injini ya dizeli ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.2 ni gari tunaloliheshimu. Halina mambo mengi ya umeme, hustahamili njia mbovu, na mafundi wengi wanalifahamu. Masika yakishika na maji yakajaa Sebleni na Mwanakwerekwe, si rahisi kupata gari jengine litakaloshika nafasi yake. Kwa hiyo hatusemi liondoshwe. Tunasema lisiwe ndilo pekee. Gari refu la takriban tani mbili, linalogeuka kwa taabu, kulitumia kila usiku kuzungukia Kikwajuni na Miembeni kwa mwendo wa mtu anayekwenda harusini, ni kulichosha gari na kuichosha hazina.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalihisabu. Kazi ya gari la doria si kukimbia tu; sehemu kubwa ya zamu yake ni kusimama. Husimama kwenye njia panda, husimama mbele ya benki, husimama palipotokea ajali, na injini huachwa inanguruma ili taa na redio zisimalize betri. Kampuni ya Ford ya Marekani, ambayo imewauzia polisi wa nchi yake magari kwa miaka mingi, huihisabu saa moja ya kunguruma hivyo kuwa sawa na uchakavu wa mwendo wa maili 33, yaani kilomita 53 hivi. Kwa hisabu hiyo, gari linalosimama likinguruma saa 5 katika usiku mmoja limejichakaza kilomita 265 bila ya kuondoka mahali, na kibao cha kilomita hakisemi neno. Kumwaga oili kwa kufuata kilomita peke yake, kama tufanyavyo kwa gari la ofisi, hakufai kwa gari la doria. Saa za injini nazo ziandikwe.

Adui mwengine hana kelele. Mji wetu umekaa juu ya bahari, na upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, hauji mikono mitupu. Huja na chumvi. Wapo wanaosema kwamba Land Rover lilikuwa limeshinda kutu kwa sababu bodi lake lilikuwa la alumini. Ni kweli kwamba alumini haifanyi kutu kama chuma, nayo ilichaguliwa kwa kuwa baada ya Vita Vikuu vya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza. Lakini chasisi yake ilikuwa ya chuma. Zaidi ya hayo, alumini ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na hugeuka unga mweupe pembezoni mwa milango na penye boliti. Gari huonekana zima juu, kumbe limekwisha chini. Kwa hiyo masharti ya gari linaloletwa Unguja na Pemba yaseme waziwazi kwamba chasisi ipakwe zinki, au ijazwe nta mashimoni, kabla gari halijapakiwa melini. Aidha kila kituo kiwe na bomba la maji yasiyo ya chumvi la kuoshea gari kwa chini, si ubavuni tu panapoonekana na wakubwa siku ya ukaguzi.

Tuje kwenye jambo zito zaidi. Gari lililo wazi nyuma huwabeba askari ukingoni, miguu ikining'inia, bila ya mkanda wala cha kushika ila bomba la chuma. Dereva akifunga breki ghafla, au gari likapinduka penye kona, askari hao ndio wa mwanzo kurushwa. Hao ni watoto wa watu, nao wamekuja kutulinda. Na sakafuni, baina ya viatu vyao, ndipo anapokaa au kulazwa mtuhumiwa. Mtuhumiwa hajahukumiwa. Huenda kesho Mahakama ikamwachia, naye akarudi mtaani kwake ambako watoto wake walimwona akipitishwa njia nzima kama mzigo. Akiwa ni mwanamke, aibu ni zaidi. Gari lenye milango minne, lenye kiwambo madhubuti baina ya viti vya mbele na vya nyuma na mkanda kwa kila kiti, huwastahi wote wawili, anayekamata na anayekamatwa. Wala si anasa, kwani askari aliyevunjika mguu ni gharama ya hospitali, na ni zamu iliyobaki tupu.

Mji Mkongwe una hukumu yake peke yake. Ulipoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia, uliingizwa na vichochoro vyake, na hakuna atakayevipanua kwa ajili ya gari la polisi. Gari hupita Mizingani, Forodhani, Shangani na Barabara ya Kenyatta. Lakini Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo na sehemu kubwa ya Mkunazini ni za mwenda kwa miguu, baskeli na vespa. Mnyang'anyi analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Humkwapulia mgeni mkoba penye njia ya gari, kisha huingia kichochoroni, na difenda hubaki nje ikinguruma. Humo dawa yake ni askari wawili wawili kwa miguu, wanaojua kila kichochoro kinatokea wapi, na pikipiki nyepesi zinazongoja upande wa pili. Hata New York, mji wenye jeshi la polisi kubwa kuliko miji yote ya Marekani, ilianza mwaka 2016 kutumia gari dogo la Smart, lenye viti viwili tu, badala ya vipikipiki vya magurudumu matatu. Hatusikii kwamba mtu aliwadharau kwa hilo.

Kwa Ng'ambo na vitongoji vyake, kuanzia Rahaleo na Jang'ombe hadi Mpendae na Magomeni, tunaona gari dogo la kawaida la petroli ndilo lenye kufaa, tena la aina ambayo Wazanzibari wenyewe wanaiendesha. Japani huendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, na kwa hiyo magari yake yamejaa mitaani kwetu pamoja na vipuri vyake na mafundi wanaoyajua. Hatusemi Serikali inunue magari makuukuu. Tunasema inunue mapya ya jamii ile ile. Polisi wa Marekani waliipenda Ford Crown Victoria mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2011, na sababu kubwa haikuwa mbio zake. Ilikuwa inagongwa, inanyooshwa, na inarudi barabarani, kwa kuwa vipuri vyake na mafundi wake walikuwa karibu.

Ama kuhusu mbio, tuseme machache. Dubai, ambako wengi wetu tuna jamaa, polisi walionesha mwaka 2013 gari la Lamborghini lenye rangi zao, na picha zake zikaenea hadi kwenye baraza zetu za kahawa. Dubai ina barabara pana na watalii wa kuwavutia, na gari lile lilikusudiwa hao. Mfano bora kwetu ni polisi wa Jimbo la Michigan, Marekani, ambao kila mwaka huyajaribu magari yanayouzwa kwa polisi na kuyatangaza matokeo ili idara nyengine zifaidike. Wanapima mbio, ndiyo. Lakini pia wanapima breki, na wanaangalia kama dereva anaifikia redio na kama askari mwenye zana zake kiunoni anaweza kukaa na kutoka.

Yapo magari ya umeme, na siku moja huenda yakatufaa kwa kuwa hayangurumi yakisimama. Lakini umeme wa Unguja hupita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, na wananchi hawajasahau kwamba kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani kwa sababu ya hitilafu. Waya wa pili uliwekwa mwaka 2013, na hali ni bora. Hata hivyo tungeanza na pikipiki chache za umeme, si gari ambalo kituo kinalitegemea usiku.

Kabla ya kununua magari mengi kwa mkupuo, tungependa liletwe moja la kila aina, likabidhiwe vituo vya Malindi, Ng'ambo na Mwanakwerekwe kwa miezi sita, masika yakiwemo. Kila gari liwe na daftari la mafuta, saa za injini, vipuri na siku lilizolala gereji, na dereva wa zamu ya usiku ndiye aliandike, kwa mkono wake mwenyewe, nalo lisomwe na kamati ya zabuni kabla ya bei yoyote kusomwa.