Tulichoma Picha Ngong Mwaka Mzima

Saa kumi na nusu mangware, kabla hata makonda wa 111 waanze kuita watu, Probox inasimama nje ya ploti na kuwasha taa mara mbili. Honi haipigwi ju mwenye ploti ana kisirani. Naruka ndani na begi, tripodi inagonga msee kisogo, msee anasonya, safari imeanza. Tuko watano. Si eti tulikaa chini tukaamua watano ndio namba poa ya kusoma picha. Ni vile Probox inabeba watano, na msee wa sita angelala kwa buti na matripodi.

Kabla ya hii mbogi nilikuwa nimejaribu zile trip za watu mob. Basi nzima, spika nyuma, kila mtu na kamera shingoni, tunafika juu saa nne jua iko katikati ya kichwa. Ilibamba, siwezi danganya. Lakini nilirudi keja na mapicha mia tatu, na karibu zote ni migongo za watu wakipiga wengine picha. Kupiga sherehe nilipiga, kusoma sikusoma.

Mwenye anatufunza tunamwitanga Odijo. Ni mzee wa rika ya buda yangu, na miaka ya tisini alikuwa akiosha filamu kwa studio moja River Road. Mpaka sai akishika karatasi ya picha anaishika kwa pembe, na vidole viwili, kama inadondoka maji. Tulimpata ju ni mjomba wa dame mmoja wa Kayole tuko naye. Hadai doo. Anadai chai, chapo madondo, na umtii.

Sheria yake ya kwanza ilituuma roho. Picha kumi na mbili kwa siku, basi. Hiyo namba haikutoka hewani. Zile kamera za studio za mraba, filamu ya 120 ilikuwa inatoa picha 12, ikiisha umeisha. Alafu akachukua seloteipu nyeusi, ile ya fundi wa stima, akafunika skrini za kamera zetu zote. Nikamshow Odijo, si kadi yangu inabeba picha elfu mbili? Akanicheki tu. "Na macho zako zinabeba ngapi?"

Sheria ya pili ndio ilikuwa noma zaidi. Mahali pamoja, mwaka mmoja. Sisi tulikuwa tumepanga Diani, Samburu, hata kuna msee alikuwa na picha za Iceland kwa simu za kuonyesha mfano. Odijo akasema Ngong, upande wa gate, pale chini ya mapangaboi.

Ukiwa umewahi panda Ngong unajua nazungumzia nini. Ile mitambo ya upepo ya KenGen. Za kwanza zilisimamishwa 1993 na msaada wa Ubelgiji, na sai shamba yote ina uwezo wa megawati 25.5. Kila mtu Nairobi ana selfi hapo. Tukaona huyu mzee ameamua kutuchoma. Kilele cha Lamwia kiko karibu mita 2,460 na yeye anataka tusimame hapa mlangoni kama wageni wa harusi wamenyimwa kadi.

Tulianza Januari. Kiangazi imekauka, hewa ina vumbi, na upande wa Bonde la Ufa huoni kitu ya maana. Longonot, mlima mzima wa mita 2,776, umefutwa kabisa. Tukateta. Odijo akatuambia tugeuke tucheki vile vilima zinashuka kuelekea bondeni. Cha karibu ni cheusi, cha nyuma yake ni kijivu, kinachofuata ni kijivu ya maji, cha mwisho ni kama mtu amepumulia kioo. Vumbi ndio ilikuwa inatuchorea umbali. Hiyo siku nilimada picha zangu kumi na mbili kwa dakika ishirini, nikakaa kwa jiwe masaa mawili nikicheki mwanga ikibadilika na sina risasi. Ilikuwa mateso. Pia ndio siku ya kwanza nilicheki kivuli ikitembea.

Februari alivunja sheria yake mwenyewe, tukashuka Magadi. Ukipita Kona Baridi barabara inateremka mpaka unafika kwa joto ya mita kama 600 tu juu ya bahari, na koti yenye ulitoka nayo mtaani inageuka kuwa matusi. Ziwa imekauka kandokando, magadi imeganda nyeupe pe, kwingine maji ni pinki ju ya vidudu vidogo vya kupenda chumvi. Nikapiga, nikijua nimeweza. Kutoa seloteipu jioni, picha zote za weupe ni kijivu kama simenti. Odijo akatusanua: kamera ni mjinga, inadhani dunia yote ina mwanga wa wastani, ukiionyesha weupe mob inaogopa na kupunguza. Kwa weupe, ongeza mwanga hatua moja, hata moja na nusu. Kwa msitu mweusi, punguza. Nimesoma hiyo kitu mara kumi kwa simu na sikuwahi ishika, mpaka hiyo simenti yangu.

Kuna mambo ya kawaida ambayo nitapita nayo mbio. Namba ya ISO iache kwa 100. Tundu la lenzi f/8 mpaka f/11, usikimbilie f/22 ukidhani ndio kali zaidi, hapo picha inaanza kulainika. Shata icheleweshe sekunde 2 ndio kidole yako isitingishe kitu. Na tripodi za bei ya msoto kama yangu, upepo ya Ngong inazicheza kama nywele, so unafunga begi yenye mawe hapo katikati. Mara ya kwanza nilisahau kutoa mawe, nikabeba kokoto za Ngong mpaka keja.

Masika ikaingia, na hapo ndio niliwachana na ile imani eti mvua ni siku ya kulala. Mvua inaosha hewa. Asubuhi moja ya Aprili, baada ya usiku mzima wa radi, tulifika juu matope imefika kwa kifundo, na kusini huko, mbali kabisa, Kilimanjaro imekaa tu. Nyeupe juu, hakuna chini, kama mtu ameibandika angani. Hakuna mtu aliongea. Kaskazini nayo Mlima Kenya, kidogo, kameno kamoja keusi. Kwa dakika kumi na tano hivi ulikuwa umesimama katikati ya milima mbili kubwa za Afrika, na shilingi zako za mafuta ni za kuchanga. Alafu wingu ikapanda na ikafunga duka.

Lakini masika Odijo hashuki bondeni, hata umbembeleze. Aprili 2024 maji yalibeba manyumba na watu usiku huko Mai Mahiu, chini tu ya hiyo escapmenti wasee wanapendanga kusimamia juu kupiga bonde. Mto mkavu akishauona una matope mapya, anageuza ndai. Hapo hatubishani.

Sasa Juni. Hii ndio stori yenyewe.

Dame wa Kayole ana hii programu ya simu inachora mstari wa jua kwa ramani, siku yoyote unataka. Mwezi wa tano akaja akiwa na moto. Ati ukisimama pale kwa mapangaboi, karibu na tarehe 21 Juni, mahali jua inachomokea iko digrii kidogo tu kutoka kwa majumba ya tao. Miezi ingine hiyo kitu haipatikani. Jua inahamanga. Juni inatokea kaskazini ya mashariki, Disemba imesonga karibu digrii 47 kwenda kulia, inachomokea huko tambarare za Athi. Sisi sote tulizaliwa hapa, na hakuna hata mmoja alikuwa ameshtukia jua haitokangi mahali pamoja.

Tukamwambia Odijo kama watoi wamegundua dhahabu. Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa anajua kitambo. Pia alikuwa anajua kitu ingine, kenye hakutuambia: Juni mpaka Agosti ndio Nairobi inavaa blanketi. Wingu ya chini, asubuhi baada ya asubuhi, ile baridi ya kijivu yenye mathe anakwambia vaa vesti ndani. Mwezi yenye jua na tao zinapangana laini ni ile mwezi yenye huoni jua wala tao.

Tulienda wikendi ya kwanza. Ukungu. Unasikia pangaboi ikikata hewa juu yako, vuuum, vuuum, na huioni. Wikendi ya pili, ukungu na manyunyu. Ya tatu tukaenda siku mbili mfululizo, askari wa misitu mwenye tunalipanga atusindikize akaanza kutuonea huruma. Akatuuliza kama tuna shida nyumbani.

Siku ya mwisho jua ilikuwa itoke 12:32. Saa 12:20, hakuna kitu. 12:35, hakuna kitu. Vidole zangu zilikuwa zimegeuka mbao. Nikasema potelea mbali, nikatoa kamera kwa tripodi, nikaingia kwa Probox, nikaiweka kwa mapaja. Hita imewashwa, chai ya tangawizi inatoka kwa thamosi, vioo zimejaa jasho ya pumzi. Nikaskia raha ambayo sijawahi skia maishani. Nilikuwa hata nimeanza kusinzia.

"Weh! WEH!"

Kutoka nje, wingu imefunguka chini kama mtu amevuta pazia, laini moja ndefu, na ndani ya hiyo laini kuna tao. Maghorofa ya Upper Hill na ya katikati ya jiji, madogo, meusi, kama meno ya kitana. Na jua nyekundu imekalia hapo kando yao. Nikakimbia, nikasimamisha tripodi, nikaweka jicho. Maziwa. Nikafuta lenzi na mkono wa sweta. Maziwa. Kioo baridi ukiiingiza kwa joto na pumzi za watu, unyevu yote inakimbilia kwake. Ukifuta inarudi. Inabidi ungoje, na hapa kwetu karibu na ikweta jua haingojei mtu. Haizungukizunguki, inapanda wima kama imetumwa. Nilifuta, nikapiga, nikafuta, nikapiga. Picha saba. Dakika nne hivi, pazia ikafungwa.

Dame wa Kayole alikuwa amekaa nje hizo saa zote, ameketi kwa ndoo amejifunga leso mbili, lenzi ya 55-250 imeelekezwa hapo na hajaigusa. Alipiga picha tatu pekee.

Baada ya kila trip tunapitia kibanda kimoja Ngong, chapo mbili na madondo, na hapo ndio mahakama. Seloteipu inatoka, picha zinapita mkono kwa mkono, na mwenye picha haruhusiwi kubonga. Wengine wanne wanasema wanaona nini. Kama kuna kitu ulitaka waone na hawajaiona, haiko, hata ukilia. Hiyo ndio sababu siamini kusoma picha peke yako, na pia siamini kusoma na watu thelathini. Wewe mwenyewe utajipenda, na thelathini watakupigia makofi. Wanne wenye walikuwa pale pale, baridi ile ile, hawana sababu ya kukubembeleza.

Ya dame ilipita meza yote na hakuna mtu alisema kitu. Mwenye kibanda alichungulia juu ya bega ya Odijo akauliza, "Hii ni hapa?" Zangu saba zilipita. Msee wa Probox akasema anaona sabuni.

Odijo alishika kamera yangu kwa pembe, vile vidole viwili. Akaangalia ya nne kwa muda. Ilikuwa rangi ya chungwa imemwagika na vitu vyeusi viwili vitatu ndani havijulikani. "Wewe ulikuwa ndani," akasema, na akarudi kwa madondo yake.

Vuli ilikuja na kupita fiti. Oktoba jakaranda ziliwaka tao na kila mtu akakimbilia huko, na sisi pia, mara moja. Novemba mwanzoni jua inachomoka 12:10, so ilibidi Probox ije saa kumi kamili, na hapo ndio tulipoteza msee mmoja kwa wiki mbili. Alisema mapenzi na saa kumi usiku haziendi pamoja. Akarudi. Disemba tulisimama pale pale, mguu wa tripodi kwa lile jiwe lenye tumeliweka alama, na jua ikatokea huko kulia kabisa, juu ya tambarare, mbali na tao. Nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimeiona kwa ramani. Bado niligeuza kichwa kama msee ameitwa jina na mtu hamjui.

Sasa Juni inarudi. Mimi nimeshasema kamera yangu itasafiri kwa buti na matripodi, ikae na baridi yake, isiguse mapaja ya mtu. Nikaomba pia hita ya Probox isiwashwe kabisa. Kura ikapigwa, nikaangushwa nne kwa moja.