Yoga ya Ufagio na Matoazi

Watu wengi wa pwani yetu, wakitajiwa yoga, huwazia wageni waliotandika mikeka ufukoni wakijipinda viungo; na wengine, wenye ghera ya dini, huharakisha kuhukumu kwamba yote hayo ni ibada ya masanamu iliyovikwa nguo za mazoezi. Makundi haya mawili, ijapokuwa hayapatani kwa jingine lolote, yamekosea jambo moja, nalo ni kutazama viungo yakasahau nia. Kwa hiyo nimeona ni wajibu kueleza, japo kwa mukhtasari, desturi za ashramu, yaani makao ya watawa, ya Sivananda iliyoko Rishikesh, pale mto Ganges unapotoka katika milima ya Himalaya kuingia nchi tambarare, kwa kuwa sehemu isiyo haba ya yoga ifundishwayo leo duniani ilichukuliwa na wanafunzi wa huko.

Mwanzilishi wake alikuwa tabibu. Swami Sivananda, aliyezaliwa Pattamadai, kusini ya Bara Hindi, mwaka 1887, alitibu watu huko Malaya kwa muda wa miaka kumi hivi, kisha akaacha mali na cheo, akafika Rishikesh mwaka 1924 akavaa vazi la watawa; lakini utabibu hakuuacha, maana mwaka 1927, bima yake ilipotimiza muda wake, alizitumia fedha zile kufungua zahanati ya bure karibu na mahali paitwapo Lakshman Jhula, kwa ajili ya mahujaji na watawa waliougua. Mwaka 1936 akaunda jumuiya ya Divine Life Society, na katika mambo sita aliyowausia wafuasi wake, kutumikia ni la kwanza, na kutafakari ni la tano. Mwenye akili na aupime mpangilio huo.

Tangu tarehe 3 Desemba 1943, wakati dunia imo vitani, jina la Mungu huimbwa katika ashramu hiyo usiku na mchana bila kukatika, waimbaji wakipokezana zamu. Na jioni, wakusanyikapo wote, viatu vimeachwa mlangoni, mmoja huanza kwa sauti ya chini akifuatana na kinanda cha mkono, wengine wakaitikia, ngoma na matoazi yakaingia, mwendo ukazidi kidogo kidogo hata jumba zima likawa na pumzi moja. Na aliyekulia karibu na halaka za dhikiri za Unguja au Lamu, ingawa itikadi zimeachana kabisa, hatauona mwendo ule kuwa mgeni kwake. Hatimaye hupitishwa taa ya kafuri, na kila mtu, mzee kwa mtoto, huipitishia ndimi za moto viganja vyake, akavileta machoni na usoni, kisha akapokea kwa mkono wa kulia tonge la kitu kitamu kilichokwisha kutolewa wakfu.

Lakini mahaba hayo ya wimbo, kwao, hayana thamani yasiposhuka mikononi. Wakati wa kula, watu huketi chini safu kwa safu, tajiri ubavuni mwa fakiri, na watumishi wenye kujitolea hupita pekupeku na ndoo za wali na dengu wakipakua, nao wenyewe hawali mpaka wageni wameshiba. Anayefagia ua hadai shukurani, kwa kuwa ameamini kwamba anayemfagilia ni Mungu aliyejificha ndani ya kiumbe, na kwamba sifa ikitafutwa, amali imeharibika. Swami Chidananda, aliyeiongoza jumuiya tangu 1963 hata alipofariki 2008, aliwauguza wagonjwa wa ukoma kwa mikono yake. Na Januari 1950, mtu mmoja alipomvamia Sivananda kwa shoka katikati ya ibada ya usiku, asimjeruhi, mzee yule alikataa ashitakiwe, akampa zawadi, akamsafirisha kwao.

Juu ya kula kwao bila nyama, na alama za majivu katika paji la uso, sitarefusha maneno. Na mikao ya mwili, inayopigwa picha kuliko yote, ni kwao kama udhu kwa sala: haipuuzwi, wala haidhaniwi kuwa ndiyo sala yenyewe.

Leo, tangu kundi la waimbaji The Beatles walipofika Rishikesh mwaka 1968 katika ashramu nyingine, mji umejaa vibao vya shule zinazotoa hati kwa saa 200 za mafunzo, na Umoja wa Mataifa mwaka 2014 ukaiteua tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga. Sina inda na mazoezi. Mgongo unaouma una haki ya kupona. Ninalolilalamikia ni kwamba dunia imechukua kilichouzika, ikaacha ufagio, ndoo ya dengu na kidonda cha mkoma, kisha ikadai imeichukua yoga yote. Na huyu wa kwetu anayeilaumu naye amelaumu kile kile kilichouzwa. Wote wawili, kabla ya kusifu au kulaani, wangeanza na lile la kwanza katika yale sita, wakamtumikia mtu asiyeweza kuwalipa.