Dar hadi Tukuyu, Bila Kukimbizana

Kati ya kwetu Dar es Salaam na ukweni kwangu Tukuyu kuna karibu kilomita 900 za lami. Wenye magari madogo wengi hutaka kuzimaliza kwa siku moja kama basi la alfajiri, wakafika miguu imevimba na watoto wanatapika. Mimi nasema barabara hii yenyewe ndiyo likizo, na anayeipita gizani amejinyima mengi.

Ninapopanga, naanza na saa. Dar hadi Mikumi ni kama kilomita 300, na wapo watakaokuambia ni saa tatu au nne. Thubutu! Kuna foleni ya kutoka mjini, kuna malori ya Tunduma yanayoelekea Zambia na Kongo, na kila kijiji kina kibao cha 50. Mimi nahesabu kilomita 50 kwa saa, chai na haja vikiwemo. Kwa hesabu hiyo Mikumi ni saa sita, na kwa gari lenye watoto na mama yangu mwenye magoti mabovu, hapo siku imetosha. Tena barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Tembo, twiga na swala mnawaona dirishani bila kulipa kiingilio, ilimradi msiteremke na mwendo usizidi 70.

Kulala Mikumi kuna faida nyingine: Mlima Kitonga mnaukuta mchana, dereva akiwa na macho. Kabla yake mnapita bonde la mibuyu, Mto Ruaha Mkuu ukiwa pembeni, halafu Ruaha Mbuyuni penye vitunguu vilivyopangwa kando ya lami. Vinunueni wakati wa kurudi. Kitonga yenyewe ni kona juu ya kona, malori yakipanda kwa gia nzito, polepole mno. Kaeni nyuma yao. Hakuna kitu huko juu kinachostahili kulipita lori kwenye kona.

Iringa nalala siku mbili, na hapo sibishani na mtu. Isimila iko kilomita kama 20 kutoka mjini, kwenye njia ya Mbeya: zana za mawe za watu wa kale zimelala pale zilipogunduliwa, na korongoni kuna nguzo za mchanga mwekundu zilizochongwa na maji ya mvua. Upande mwingine kuna Kalenga, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limehifadhiwa tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Watoto waliosoma habari zake darasani hunyamaza wenyewe wakifika mbele yake. Mpeni mwenyeji muda awasimulie, msimtazamie saa.

Mwezi ninaoupenda ni Juni au Julai. Shule zimefungwa, masika yamekwisha, ila Iringa na Makambako kuna baridi ya kweli, kwa hiyo masweta yakae juu ya mizigo. Kwa kuchagua miezi hiyo tunayakosa maua ya Hifadhi ya Kitulo, ambayo huchanua kuanzia Desemba hadi Aprili. Sawa tu. Kitulo inastahili safari yake, kadhalika maporomoko ya Sanje kule Udzungwa. Ukiyabana yote katika wiki moja utakuwa umeona vibao vya njia tu.

Iringa hadi Uyole, pembezoni mwa Mbeya, ni siku nyingine ya saa sita au zaidi, tunalala hapo, na asubuhi tunashuka Tukuyu kupitia migomba na mashamba ya chai.

Jua likizama gari liwe limeegeshwa. Usiku lori lililoharibika huashiriwa kwa matawi ya miti yaliyotupwa barabarani, na ukiyaona umekaribia mno.

Fedha pia ihesabiwe mapema. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10 litataka lita 90 kwenda tu. Zidisha mara mbili, ongeza za matembezi, kisha tenga fedha za pancha.

Tukuyu naacha siku mbili bila mpango wowote. Mama mkwe atapika mbalaga, chakula cha ndizi, mvua inaweza kunyesha hata Julai, na kukikauka tunakwenda kuona Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira. Kusipokauka, tunakaa jikoni naye.