Laptopu ya mwanafunzi: Nyepesi begani, na michezo isikose

Kila mwaka Septemba inapokaribia, maelfu ya vijana nchini Uingereza na Marekani hufungasha mizigo yao kuelekea vyuo vikuu kwa mara ya kwanza. Miongoni mwao wamo watoto wa familia zinazozungumza Kiswahili, wengine wakiwa wamezaliwa huko huko na wengine wakiwasili kutoka Afrika Mashariki kwa viza ya masomo.

Katika orodha ya mahitaji yao, kitu kimoja huzua mjadala kuliko vingine: kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi wanavyoiita. Mzazi anataka chombo cha kusomea. Kijana anataka chombo hicho hicho kimwezeshe kucheza michezo ya kompyuta jioni, pamoja na marafiki aliowaacha nyumbani.

Fedha zenyewe mara nyingi si za mtu mmoja. Ni mchango wa ndugu: mjomba aliyeko Muscat, shangazi aliyeko London, kaka mkubwa anayefanya kazi Minneapolis. Kosa likifanyika dukani, si rahisi ukoo kuchanga mara ya pili, na kompyuta hiyo inatarajiwa kudumu miaka mitatu au minne ya shahada.

Hata hivyo, matakwa ya mzazi na ya kijana hayagongani kama wengi wanavyodhani, mradi ijulikane mapema ni mchezo gani unaozungumziwa.

Mchezo wa kujiburudisha

Mwanafunzi anayecheza saa moja baada ya chakula cha jioni hana mahitaji sawa na yule anayeshindana mtandaoni usiku kucha.

Minecraft, The Sims 4, Football Manager, Stardew Valley na League of Legends ni michezo yenye wapenzi wengi duniani, na yote huchezeka katika laptopu ya kawaida ya miaka ya karibuni, ilimradi ubora wa picha usiwekwe katika kiwango cha juu kabisa. Mchezo kama Cyberpunk 2077, uliotoka mwaka 2020, ulitengenezwa kwa ajili ya mashine zenye nguvu kubwa zaidi.

Tofauti inatokana na chipu ya picha, yaani sehemu inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Katika laptopu nyepesi, sehemu hiyo imo ndani ya prosesa. Katika laptopu za michezo huongezwa chipu ya pekee yenye kumbukumbu yake, kama zile za kampuni ya Nvidia zinazoitwa GeForce RTX.

Zamani chipu za ndani ya prosesa zilitosha kwa kuandika barua na kutazama filamu tu. Hali ilibadilika kwa dhahiri mwaka 2020, Intel ilipotoa Iris Xe na Apple ikatoa prosesa yake ya M1. Mwaka 2023 AMD ilileta Radeon 780M, na mwishoni mwa mwaka huo Intel ikafuata na prosesa za Core Ultra. Kwa anayecheza ili kujiburudisha, chipu za aina hii zinatosha.

Gharama isiyoandikwa kwenye bei

Chipu ya pekee ina faida yake, lakini hutumia umeme mwingi. Umeme huo hugeuka joto, na joto huhitaji feni kubwa na vipande vya shaba vya kuliondoa. Ndiyo maana laptopu nyingi za michezo huwa na uzito wa kilo 2 hadi 2.5, na chaja yake peke yake inaweza kuzidi nusu kilo.

Laptopu nyepesi ya inchi 13 au 14 huwa na uzito wa kati ya kilo 1.2 na 1.5, na mara nyingi hutumia chaja ndogo ya wati 45 hadi 65.

Tofauti hiyo haihisiwi dukani. Huhisiwa katikati ya muhula, mwanafunzi anapopanda basi asubuhi akiwa na vitabu, chupa ya maji na koti la baridi. Hapo ndipo kompyuta huanza kuachwa chumbani, na mihadhara kuandikwa kwa simu.

Aidha, laptopu ya michezo ikichomolewa kwenye umeme hupunguza nguvu zake yenyewe, na nyingi hazimalizi siku nzima kwa betri. Feni zake nazo husikika katika ukimya wa maktaba.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Zipo kompyuta zinazojaribu kuyashika yote, kama vile Asus ROG Zephyrus G14 iliyoanza kuuzwa mwaka 2020, yenye chipu ya pekee na uzito wa takriban kilo 1.6. Lakini wepesi huo hulipiwa, na bei yake huwa juu ya uwezo wa wanafunzi wengi.

Kisichobadilika baada ya kununua

Iwapo kuna fedha za ziada, zinafaa kuelekezwa kwenye vitu ambavyo haviwezi kuongezwa baadaye. Cha kwanza ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo wauzaji huiita RAM.

Chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, bali hukopa kutoka kwenye RAM. Kompyuta yenye gigabaiti 8 hulazimika kuzigawa kati ya Windows, kurasa za intaneti zilizofunguliwa na mchezo wenyewe. Kwa anayetaka kuitumia miaka minne, gigabaiti 16 ndicho kiwango kinachofaa kuanzia. Apple ilipandisha kiwango cha chini cha MacBook Air hadi gigabaiti 16 mwezi Oktoba mwaka 2024.

Katika laptopu nyingi nyembamba kumbukumbu hiyo imechomelewa kwenye bodi, na fundi hawezi kuiongeza. Pale ambapo inaweza kuchomolewa, vipande viwili vya gigabaiti 8 huipa chipu ya picha kasi zaidi kuliko kipande kimoja cha 16, kwa kuwa data hupita njia mbili kwa wakati mmoja.

Diski ya kuhifadhia ni suala jepesi kidogo, kwani katika kompyuta nyingi za Windows inaweza kubadilishwa. Hata hivyo, gigabaiti 256 hujaa upesi, maana baadhi ya michezo mikubwa peke yake huzidi gigabaiti 100. Diski ya SSD ya gigabaiti 512 humwepusha mwanafunzi na usumbufu huo.

Majina yanayochanganya

Mnunuzi asiye mwangalifu anaweza kulipia jina jipya na kupewa teknolojia ya zamani. Mfano ni prosesa za AMD Ryzen za mfululizo wa 7000. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7530U zinatofautiana kwa tarakimu moja tu, lakini ya kwanza imejengwa juu ya muundo wa Zen 2 uliotoka mwaka 2019, na ya pili juu ya Zen 3 ya mwaka 2020. Katika mfululizo huo, tarakimu ya tatu ndiyo inayofichua umri wa muundo.

Chipu za pekee nazo zina fumbo lake. RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekewa kikomo cha wati 35 na mtengenezaji mmoja, na wati 115 na mwingine. Jina ni lile lile, lakini kasi ni tofauti kabisa. Inafaa kutafuta idadi ya wati katika maelezo ya bidhaa kabla ya kulipa.

Kozi kwanza

Kabla ya yote hayo, mwanafunzi anapaswa kusoma maelezo ya kitivo chake. Programu ya SolidWorks, inayotumiwa na wahandisi, na Revit, inayotumiwa na wasanifu majengo, hutengenezwa kwa ajili ya Windows. Anayekwenda kusomea fani hizo akiwa na kompyuta ya Mac hujiongezea kazi, na yeye anaweza kuwa na sababu ya kweli ya kununua chipu ya pekee, hata kama hachezi mchezo wowote.

Kwa masomo ya sheria, lugha, biashara au uuguzi, Mac na Windows zote zinafaa. Tofauti itabaki katika michezo. League of Legends na Football Manager hupatikana kwa Mac, lakini Counter-Strike 2, iliyotoka mwaka 2023, ilitolewa bila toleo la Mac. Laptopu za Windows zenye prosesa za Snapdragon X, zilizoanza kuuzwa Juni 2024, zinasifiwa kwa betri yake, lakini baadhi ya michezo haifanyi kazi humo. Ni vyema kila mchezo ukaulizwa kwa jina lake.

Iliyotumika nayo ina hesabu yake

Kwa familia nyingi, kompyuta iliyotumika ndiyo njia pekee, na si njia mbaya. Laptopu za biashara zilizorudishwa na makampuni baada ya miaka mitatu au minne huwa imara, na vipuri vyake hupatikana.

Tahadhari kubwa inahusu Windows. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haikubali rasmi kompyuta za zamani sana: kwa upande wa Intel, kizazi cha nane ndicho mwanzo wa zinazokubaliwa, isipokuwa chache za kizazi cha saba. Kompyuta iliyo nyuma ya hapo inaweza kuwaka vizuri dukani, lakini mnunuzi atakuwa ameununua na mzigo wa usalama wake.

Anayenunua kwa mtu mwingine hana budi kuiona ikiwaka, kupima betri, kubonyeza kila herufi ya kibodi, kufungua na kufunga bawaba za skrini, na kuhakikisha haijafungwa na akaunti ya mwenyewe wa awali.

Nchi moja ya kununulia, nyingine ya kutumia

Laptopu nyingi za wanafunzi wa Afrika Mashariki husafiri kabla ya kutumika. Chaja zake kwa kawaida hukubali umeme wa volti 100 hadi 240, na hilo huandikwa kwenye chaja yenyewe. Plagi ya Uingereza yenye pini tatu bapa hutumika pia Kenya, Uganda, Tanzania, Oman na Falme za Kiarabu. Iliyonunuliwa Marekani itahitaji waya au adapta nyingine.

Kibodi pia huhitaji kutazamwa. Ujerumani herufi Z na Y hubadilishana nafasi, Ufaransa mpangilio huanza na A badala ya Q, na katika Ghuba kibodi nyingi huwa na herufi za Kiarabu kando ya zile za Kilatini.

Dhamana ni suala zito zaidi. Baadhi ya watengenezaji huitambua kila nchi, wengine katika nchi ya mauzo tu. Kompyuta iliyonunuliwa Dubai kwa bei nafuu inaweza kukosa pa kutengenezewa Manchester.

Bei iliyobandikwa nayo haina maana moja kila mahali. Marekani kodi ya mauzo huongezwa wakati wa kulipa, na hutofautiana kati ya majimbo. Uingereza kodi ya VAT ya asilimia 20 imo ndani ya bei, na tangu Januari 2021 wageni wanaonunua katika maduka ya England, Scotland na Wales na kuondoka na bidhaa zao hawarudishiwi tena kodi hiyo kama zamani. Watengenezaji kadhaa hutoa punguzo kwa wanafunzi, hivyo barua ya kukubaliwa chuoni inafaa kuwa karibu.

Kwa wasafiri wa ndege, betri ya hadi wati-saa 100 kwa kawaida haihitaji kibali cha shirika, na laptopu nyingi ziko chini ya kiwango hicho. Betri za akiba hazipaswi kuwekwa katika mzigo wa chini. Hubebwa ndani ya ndege.

Familia ikishakubaliana juu ya kozi, uzito na kumbukumbu, mjadala wa michezo huwa mfupi. Kinachobaki ni kutenga sehemu ndogo ya mchango ule kwa ajili ya diski ya nje ya kunakilia kazi. Kompyuta iliyoibiwa maktabani inaweza kununuliwa nyingine baada ya muda, lakini tasnifu iliyokuwa ndani yake hairudi kwa mchango wa ndugu.