Mwalimu Apimavyo Insha

Ewe mzazi, huenda mwanao amekuletea insha ya Kiswahili yenye makosa mawili matatu tu ya hijai, nawe ukaona 12 katika 20, ukadhani amedhulumiwa. Sivyo. Katika mtihani wa Kenya wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, kila insha ina alama 20, wala mtahini haanzi kwa kuhesabu makosa. Huisoma yote kwanza, kisha huiweka katika mojawapo ya madaraja manne: D ni 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Ndipo hutazama maudhui, msamiati, mtindo, sarufi na hijai, akapandisha au kushusha humo humo ndani ya daraja. Basi aliyeandika sawasawa pasipo wazo lake mwenyewe mara nyingi hukomea B. Na aliyehifadhi methali thelathini akazimwaga zote ukurasa wa kwanza (nao si haba!) hasaidiki. Aliyeliacha swali akajitungia lake huangukia D, ijapokuwa lugha yake ni asali. Mwombe mwalimu akuonyeshe insha ya 17 ya darasa lile lile, uisome pamoja na mtoto.